Jangwa la Barafu na Baba Mkwe

Ijumaa, mwezi Juni. Lizaboni, Songea.

Baridi ya leo haina adabu. Jua limewaka kutwa nzima na bado nimefundisha nikiwa na koti. Midomo imepasuka, mafuta ya kupaka yameisha.

Nikiri kitu. Kwa miaka tisa nimeamini baba mkwe wangu hanipendi.

Yeye ni mkulima wa Mpitimbi, Mngoni, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza. Mimi ni Myao, Mwislamu wa Tunduru. Nyumbani kwao, mkwe wa kike na baba mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Namwamkia kwa mbali nimeinamisha macho, mengine yote yanapitia kwa mume wangu. Kwa hiyo sikuwahi kujua kama kimya chake ni heshima au ni kunikataa.

Wiki iliyopita alikuja kwetu kutibiwa macho. Sasa, mimi nina kiwazimu kimoja: somo la kesho nalifundisha kwanza jikoni, kwa sauti, huku nasonga ugali. Jumanne ilikuwa zamu ya majangwa ya baridi. Nikatangaza kwamba kule kwenye ncha za dunia, pamoja na barafu yote ile, ni jangwa.

Sebuleni redio ikazimwa.

"We redio," baba akasema, "ulishasikia wapi jangwa limejaa maji?"

Nikabaki na mwiko mkononi. Alikuwa ananiuliza mimi. Kumjibu moja kwa moja nisingeweza, basi nikaieleza sufuria: hewa ikipoa sana haibebi mvuke mwingi, kwa hiyo theluji inayoanguka kwa mwaka mzima ni kidogo mno. Ila hicho kidogo hakiyeyuki. Kinalala juu ya cha mwaka jana, na cha mwaka juzi, miaka na miaka. Barafu ni nyingi, mvua hakuna.

Ugali ukashika chini.

Kisha akaiambia redio kwamba ndiyo maana midomo inatupasuka Juni na si Januari. Miaka yote ya ualimu sijawahi kupata mfano mzuri namna ile. Kesho yake niliutumia, Kidato cha Tatu wakajigusa midomo, wakaelewa.

Jumatano jioni redio ikaulizwa kama kuna mmea unaoweza kuota kule. Jana ikaulizwa wanyama wa huko wanakunywa nini. Nimekuwa nikitoka shule mbio, nacheka peke yangu njiani. Mume wangu anasema tumerukwa na akili wote wawili.

Leo daktari amemruhusu baba. Mume wangu akamwambia kesho asubuhi atampeleka Mpitimbi, mahindi yanasubiri kuvunwa. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Moyo uliniuma kuliko nilivyotegemea.

Safari hii baba hakuisemesha redio. Alipaza sauti mpaka ikanifikia.

"Mahindi watavuna wadogo zako. Mwanangu mwalimu hajamaliza kunifundisha."

Mwanangu.

Nimelia, nikasingizia vitunguu. Nampenda mzee huyu, na nimepoteza miaka tisa kumwogopa.

Tatizo ni kwamba kesho ni Jumamosi. Shule hakuna, somo la kuandaa sina. Nimetoa vitabu vyote kabatini, nimevipanga juu ya meza ya jikoni. Nianze na volkano, au mito?