Siku Babu Yako Alipokanyaga Mafuta

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Busibwabo tuko wazima, na mahindi yamebeba vizuri mwaka huu. Hongera kwa gari jipya. Unauliza kama ni kweli injini mpya haifai kukimbizwa. Ni kweli. Izoeze polepole, na usilijaze gari mizigo mwanzoni.

Babu yako aliponunua pikapu mpya, miaka ya sabini, alifunga kibao nyuma: "Injini mpya, nipite." Basi walimpita! Hata vijana wa baiskeli waliobeba abiria kwenda mpakani Busia walimpita wakipiga kengele, naye akawapungia mkono. Mimi niliona aibu.

Kisha siku moja mchana nikashikwa na uchungu wa kuzaa. Niliingia garini nikiwa tayari nimekasirika, maana nilijua tutatambaa mpaka hospitali. Wapi! Alikanyaga mafuta mpaka kile kibao kikaanguka barabarani.

"Mzee, injini!" nikapiga kelele.

"Wacha injini," akasema. "Nilikuwa naitunzia siku kama hii."

Tulifika kwa wakati, nikajifungua salama. Babu yako akatoka nje, akawasha gari, akafungua boneti, akasikiliza. Injini ilinguruma vizuri tu. Manesi walimsikia akicheka peke yake.

Siku ya kurudi nyumbani tulienda polepole tena, mtoto mapajani, baiskeli zikitupita. Sikuona aibu.

Mtoto huyo ndiye mama yako, huyo anayekupigia simu kila jioni akikuambia upunguze mwendo.

Akupendaye,
Kukhu wako