Saio Haimo Kitabuni

Baba,

Nimekukasirikia. Nalisema mapema ili usidhani nimeshika karatasi hii kukulilia. Kulia tumelia mwezi mzima, sauti ya Mama mpaka leo haijarudi vizuri. Mtu gani huyu anayesimulia vita vyake miaka na miaka kwa kila mpita njia wa mji wetu wa Baraka, halafu siku anapohitajiwa anakufa na kuniachia vipande?

Desturi unaijua. Siku ya kumaliza kilio, mtoto mkubwa anasimama mbele ya watu na kusoma historia ya marehemu. Mtoto mkubwa ni mimi, tena mwalimu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama naweza. Ulizaliwa wapi, ulibatizwa wapi, ulivua na nani, hayo niliyaandika asubuhi moja. Nikafika kwenye ile vita kubwa ya dunia, ile ya Wajerumani na Waitalia, na kalamu ikagoma.

Nikaenda kuuliza. Baba mdogo anasema ulimkamata jenerali wa Waitalia kwa mkono wako. Katekista anasema uliua kumi na wawili kisha ukatubu. Shemeji, ambaye yeye mwenyewe hajavuka hata mto Mutambala, anaapa kwamba ulirusha ndege. Mkubwa wa chama wa mtaa wetu naye akaja na lake: niandike kwamba ulipigania chama, ingawa wakati ule chama chenyewe kilikuwa hakijazaliwa. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, nikamwongezea chai.

Na mimi ningeijua hadithi yote kama ningefunga mdomo siku moja tu.

Tulipokuwa wadogo, Mama alikuwa akianika ndagala kwenye mchanga, nawe unakuja na kijiti chako. Unazipanga zile samaki ndogo: hapa mto, hapa kambi yetu, huku Saio, mlima wa Uhabeshi, na Waitalia wako juu wanatungoja. Mara kuku wanaingia na kula kikosi kizima. Mama anatoka jikoni akilalamika: «Kuku banamaliza mboga, na weye iko unapiganisha Baitalia.» Sisi tunacheka, wewe unawapanga Waitalia upya. Nilifikiri mambo yatakuwa hivyo daima, kwa hiyo sikuyashika.

Halafu miaka mitatu iliyopita nilikuwa mezani nikiandaa somo la darasa la sita: migeuko mikubwa ya vita vya dunia. Ulisimama nyuma yangu, miguu bado ina maji ya ziwa, ukaomba nikusomee. Nikakusomea. Stalingrad, Wajerumani walipozingirwa kwenye theluji. El Alamein, kwenye jangwa la Misri. Midway, meli za Wajapani zilipozama. Normandi, majeshi yalipoteremka pwani ya Ufaransa. Ulihesabu kwa vidole, vinne, ukabaki umeshika kidole gumba.

«Na siye, Marta? Saio iko ya ngapi?»

Shuleni mimi ni Citoyenne, yaani Raia, maana majina ya ubatizo serikali imetukataza, ila wewe hukujali. Uliniita Marta, kwa upole kabisa. Nami na diploma yangu nikakujibu bila hata kuinua kichwa: «Baba, mu kitabu iko ine tu. Ile yenu haikukuwaka kitu.»

Ulinuna. Kesho yake Mama alianika ndagala, nawe ukazipita pembeni kama mgeni. Na kesho kutwa vilevile. Miaka mitatu, Baba. Ungenitukana basi. Ungekitupa kitabu ziwani, ningelia siku mbili tukaendelea kuishi. Mimi nilikuwa nangoja uanze, wewe ulikuwa unangoja nianze, na ugumu huu wa kichwa najua nimeurithi kwa nani: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kisha homa ikaja ikakuchukua kwa siku nne, na siku hizo nne tuliongea habari za dawa na uji tu.

Sasa sikiliza kilichonipata. Siku mbili kabla ya kumaliza kilio, Mzee Mmunga akateremka kutoka Fizi, yule mliyeondoka naye pamoja kwenda vitani na jeshi la wakoloni. Vizuizi vya askari barabarani vilimchelewesha, amefika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilifurahi, nikasema hatimaye shahidi amepatikana. Nikamwandalia kiti kizuri, nikachukua daftari, nikamwomba anieleze jinsi baba yangu alivyopigana.

Akanitazama. «Kupigana? Nani alikudanganya? Siye tulikuwaka babeba mizigo.»

Masanduku ya risasi, akasema, kichwani, kutoka Sudani mpaka chini ya mlima ule. Bunduki hamkuishika. Alilisema kama mtu anayesema jana ilinyesha mvua, kisha akaomba sukari.

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu, sijui ipi ilikuwa kubwa. Niliandika karatasi mbili. Moja ilisema askari shujaa wa Saio. Nyingine ilisema tu kwamba ulisafiri nchi za mbali. Siku yenyewe ilipofika, watu wamejaa uani, nikachukua ile ya askari. Ndiyo, mimi niliyekukatalia ukweli kwa sababu haumo kitabuni, nikasimama kuwasomea watu uongo kwa sababu niliuandika vizuri.

Nilipolitamka neno askari, Mama aliinuka.

Mwezi mzima alikuwa amekaa kwenye mkeka wa ujane. Yeye peke yake sikumuuliza, kwa maana nilijua hadithi ile inamchosha. Akaenda jikoni, akarudi na konzi ya ndagala, akachuchumaa mbele ya wageni wote na kuzipanga chini.

«Hapana vile, Marta. Hakukuwaka askari. Alibebaka muzigo. Na muzigo ilifika. Kama haikufika, bale ba bunduki bangepiga na nini?»

Akapanga yote, Baba. Mto, kambi, mahali wenzako walipovimba miguu na kufia njiani, mlima. Hakukosea hata mahali pamoja. Miaka yote ile aliyokuwa akigomba na kuku, alikuwa anasikiliza. Halafu akachukua ndagala moja, akaiweka peke yake chini ya mlima.

«Hapa. Baitalia baliacha bunduki, balishuka. Baba yenu aliona muzungu anabeba muzigo yake yeye mwenyewe, ku bega. Tangu azaliwe hakuonaka ile. Alisemaka, vita iligeuka hapa.»

Mzee Mmunga alitikisa kichwa kukubali, akajifuta macho kwa kofia. Na kuku, unawajua kuku wetu, mmoja akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka mlimani. Mtu akainua fimbo. Mama akamzuia: «Muache akule. Bale balikwisha kushindwa.»

Watu wakacheka kwenye kilio chako. Mimi nilianza kwa kucheka na wao, kisha nikachuchumaa kando ya Mama nikilia. Karatasi haikusomwa tena.

Kwa nini habari ya yule mzungu hukunieleza mimi? Najua kwa nini. Ningekuuliza iko ukurasa wa ngapi. Najua, na bado inanichoma, na bado nakukasirikia, na najikasirikia mimi zaidi.

Nimekagua kitabu. Saio ilitangulia migeuko yote minne. Kitabu hakisemi uongo. Wajerumani hawakurudi nyuma kwa ajili yako. Lakini wewe ulibeba, ulifika, na ukaona ulichokiona, na hilo lina mahali pake ubaoni. Wiki ijayo nafika kwenye somo lile. Nitaingia darasani na bakuli ya ndagala, niwaanzishie Saio kabla ya Stalingrad. Kwenye mtihani wataandika minne, maana ndivyo inspekta anavyosahihisha na mimi nataka wafaulu. Lakini watarudi nyumbani wakijua mitano, nakuahidi.

Asubuhi sasa naanika ndagala na Mama. Ameanza kunisimulia upya, kutoka Sudani, na ananigombeza kwamba nimekosa mengi. Kijiti chako tumekiacha palepale ukutani, yeye anatumia kidole.

Pumzika, Baba. Tua mzigo. Nimeupokea.

Mwanao,
Marta