Waliosimama Mbele ya Kiwanda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imepanda hadi hapa Uru salama. Goti la bibi yako limepoa kidogo, na ng'ombe amezaa jike.

Umeuliza kwa nini watu kwenye picha ile ya kiwanda cha mafuta wameinamisha vichwa, kana kwamba kuna msiba. Swali lako limenitonesha.

Wakati huo viwanda vilikuwa vinauzwa, nami nilikuwa na studio mjini Moshi. Wakala wa mnunuzi alitaka picha ya jengo giza likianza kuingia, taa zikiwaka. Nikamwambia ni saa ya watu kutoka kazini. Akacheka. “Fundi, wapite tu. Si unaacha lenzi wazi muda mrefu? Anayetembea filamu haimshiki.” Ni kweli, haimshiki. Lakini alivyosema, ungedhani anazungumzia nzi!

Nikafungua lenzi. Papo hapo kengele ya kanisa ikalia, ile ya jioni ya Malaika wa Bwana, na uwanja mzima ukasimama kusali. Hata Waislamu walisimama kwa heshima. Hakuna aliyetikisika.

Alipoiona picha akafoka, “Hawa watoe!”

Nikamwambia awatoe mwenyewe. Na kweli, kiwanda kilipouzwa waliwatoa wote, mashine wakazing'oa, na mpaka leo mle ndani wanalala popo.

Yule mwenye kitenge kichwani, karibu na lango, ni bibi yako. Ukiitia kwenye fremu huko Dar, ole wako umkate mtu hata mmoja.

Babu yako