Mke wa Mkwe

12 Januari

Mama,

Shikamoo. Nakuombea goti lako likupe nafuu msimu huu. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba watoto yuko gereji tangu asubuhi mpaka mikono yake ishindwe kushika kijiko.

Najua mwandiko huu ni mgeni kwako. Mimi ndiye niliyeolewa na mkweo mwezi wa nane, mwaka mmoja baada ya kumzika binti yako. Hukuja harusini, wala sikulaumu. Ila wajukuu zako wako mikononi mwangu, nikaona si adabu usikie habari zao kwa watu.

Mkubwa, yule tunayemwita Profesa, ana maswali mpaka mwalimu wake anajificha. Mdogo ndiye anayeniumiza moyo. Naambiwa wewe ndiwe uliyempa jina la Chiriku, kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Sasa hasemi. Ananong'ona tu, tena na ukuta. Kwa hiyo nimeaga kazini. Nilikuwa mchora ramani za majengo. Bosi amesema meza yangu haitapewa mtu mpaka mwezi wa nne, huenda nikabadili mawazo. Sasa nashinda na Chiriku. Napika, nafua, nafagia, na yeye ananifuata chumba kwa chumba bila neno.

Tuombee, mama.

Mke wa mkweo


20 Februari

Kwako mke wa mkwe wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni goti.

Barua nimeisoma, na kwa habari za watoto nashukuru. Lakini sijui kupaka maneno asali, kwa hiyo nitasema. Umesoma miaka yote hiyo uje kukodolea macho sufuria? Kupika na kufua hata mtu wa kulipwa anaweza. Mimi nimekuwa mkunga maisha yangu yote, na najua mama anavyotokea. Hutokea siku moja na mtoto wake, kwa uchungu. Hatokei kwa cheti cha ndoa.

Shule zikifungwa mwezi wa nne nitakuja kumchukua Chiriku akae na mtu wa damu yake. Mkwe nimemwambia kwa simu. Alinyamaza, nami nimehesabu kimya chake kuwa jibu.

Wewe rudi kwenye meza yako.

Bibi wa watoto


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Tumaini langu hujambo, na mvua haikuzuii kwenda ibadani. Huku inanyesha mfululizo. Nguo nazianika ndani, kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, na Chiriku anapita chini ya mashuka taratibu, uso juu, kama mtu anayetembea mawinguni. Wakati mwingine nasahau kazi, namtazama tu.

Barua yako iliniuma, sitaficha. Siku ile nilishika simu nimpigie bosi. Nilijiambia, bibi yao ana haki, mimi ni nani hapa? Leo nafagia, kesho vumbi lile lile limerudi kama lina ufunguo wake. Nikamwuliza Mungu, ulinitoa kule kwa ajili ya haya?

Mchana ule tulijilaza, mimi na Chiriku, mvua ikipiga bati. Nikaota. Binti yako alikuja jikoni. Simjui ila kwa picha, lakini nilimjua. Hakuniuliza nafanya nini kwake. Alivuta kiti, akashusha pumzi kama msafiri aliyefika, akavuta sinia tukachambua mchele pamoja. Dirishani mlikuwa na mwanga kama maziwa. Nilipoamka, mtoto alikuwa ameshika pindo la gauni langu usingizini.

Sisemi ndoto ni unabii. Lakini jioni, nikiwa nafagia, wazo likanijia nikasimama. Mungu mwenyewe, kabla hajamleta mtu duniani, aliandaa makao. Akawasha taa kwanza. Akatenga maji, akaotesha chakula, akatazama kila kitu akakiona chema. Ndipo akamleta mtoto. Basi kumbe kazi hii ya nyumbani si ya mwisho kwenye foleni. Ndiyo aliyoanza nayo Yeye! Mama, nililia na ufagio mkononi. Profesa akaniuliza kama vumbi limeniingia machoni, nikasema ndiyo, la tangu uumbaji.

Bosi nimempigia. Nimemwambia meza ampe mwingine.

Sikumzaa Chiriku, hilo ni kweli. Wewe njoo. Ukiamua kumchukua, nguo zake nitazikunja kwa mikono yangu, na sitalia mbele yake. Kitanda chako nimeshatandika.

Mke wa mkweo


2 Mei

Mwanangu,

Leo acha nianze mimi. Hujambo? Watoto hawajambo? Mkwe naye? Nilifika salama, ingawa dereva wa basi aliendesha kama anadaiwa roho.

Nimechelewa kuandika kwa kutojua pa kuanzia. Niliingia kwako na begi tupu la kubebea nguo za mtoto, na maji uliyonipa sikuyanywa. Nilikagua nyumba kama matroni anavyokagua wodi, mpaka kidole nikapitisha juu ya kabati. Kisha nikaketi kwenye kochi la dirishani nijipange kusema nililokuja kusema.

Hukujua jambo moja. Tangu tumzike binti yangu, usingizi ulinihama. Nilikuwa nasinzia tu kama mlinzi. Sasa pale kwenye kochi nikasikia maji yanachemka, na wewe unaimba wimbo wa kanisani kwa maneno ya kubuni, na Profesa anakuuliza kama Mungu hupiga miayo. Pazia likapanda, likashuka. Nikasema nifumbe macho kidogo.

Nilipoyafumbua, jua lilikuwa la siku nyingine. Viatu nimevuliwa. Nimefunikwa shuka linalonukia sabuni. Na Chiriku amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamkaripia paka kwa sauti kamili: "Toka wewe! Bibi amelala. Wetu amesema asiamshwe."

Wetu! Nikajiuliza ni nani huyo, ndipo ukapita na ndoo, akakufuata.

Nikafumba macho tena, nilie nikiwa nimefunikwa.

Mwanangu, nimepokea watoto wengi kuliko kumbukumbu yangu. Mtoto akishatoa kilio cha kwanza, mimi hunawa mikono nikaenda kwa mwingine. Mkunga ndiye anayemaliza kazi kwa siku moja. Mama ni yule anayebaki na beseni. Hilo nililijua siku zote, ila huzuni ilinizuia kusema haki. Nisamehe. Ndiyo maana niliondoka na begi tupu, nawe kwa hekima yako hukuuliza.

Mkwe amenidokeza kuwa mama yako alifariki ukiwa mdogo, ukakua huna kwenu pa kwenda kusalimia. Sasa unapo. Mwezi wa nane gereji ifungwe, mje wote. Ukifika usiguse ufagio, wala usiulize sahani ziko wapi. Watoto nitawaogesha mimi, na maswali ya Profesa nitayajibu kadiri Mungu atakavyonijalia. Kuna chumba cha nyuma kinachopata upepo. Utaingia, utavua viatu, utalala mpaka uchoke kulala.

Mama yako