Sabuni Kwenye Beseni la Baba

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na karakana ya kujalidi vitabu haijafa. Paka kazaa ndani ya sanduku la nyuzi. Baba miguu inamsumbua, ila karatasi za majalada anazitia rangi vilevile: anadondosha wino wa mafuta kwenye beseni la maji, matone yanatanda juu, kisha analaza karatasi na kuiinua imebeba michirizi yote.

Unakumbuka sharti lake, sabuni isisogee hapo. Chembe tu ikiingia, ngozi ya maji inalegea na tone halitandi tena, linazama kama kokoto. Ndiyo maana wote tunanawa kwa maji matupu.

Mkeo alijifunza haraka mno. Baba akaanza kumwita mkono wake wa kulia, jina nililolingojea miaka kumi na tisa.

Wiki ya ile oda kubwa, matone ya mkeo yakazama siku tatu mfululizo. Baba akamwambia mbele ya mafundi, "Mkwe wangu, kazi hii huiwezi. Rudi kwenu." Naambiwa unamlaumu kwa kuondoka. Endelea tu.

Siku ile mkeo alininusa vidole, akanitazama, akavua aproni. Nilimsaidia kufunga mzigo, mimi si mnyama. Kipande cha sabuni kilichobaki nilikitia humohumo, cha kumwogeshea mwanao akizaliwa.

Kumbe hakukuambia?

Mimi dada yako,
mkono wa kulia wa Baba