Injini Moja, Gari Tatu

Kyalo, baba yangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sitauliza. Yangu ni ile ile, miguu inawaka, na jana nimetoka Kithimani kwa dada yako Mwende nimechoka mpaka kikombe cha chai nakiona kizito. Lakini nimesema niandike leo, kabla hofu haijanirudisha nyuma. Unanijua. Ukichelewa kutoka kwa kibanda chako cha kutengeneza redio nilikuwa nasimama barabarani na leso kichwani kama mlinzi, na wewe mtu mzima na ndevu zako.

Ni neno la gari zako.

Tulipokwisha kukuzika, ndugu za marehemu baba yako walikaa wakagawa vitu. Hukuacha mke wala mtoto, kwa hivyo vilikwenda kwa watoto wa ukoo. Ndiyo desturi, na sikupinga. Mashati yakaenda, vyombo vya ufundi vikaenda. Zile gari za kuchezea za betri ulizookota kwa marobota ya mitumba na kwa nyumba za Wazungu wakihama, jeep, treni ya bati, pikipiki ya askari, zote zikapata wenyewe. Kwa hizo sikulia. Kila moja iko na mota yake tumboni, ikienda kwa mtu inaenda nzima.

Ni ile seti. Ile ya sanduku la samawati, iliyotengenezwa hata hujazaliwa, uliyoitafuta kipande kwa kipande. Basi, lori na zima moto. Baba yako mdogo Muthoka aliona gari tatu akafurahi, akasema sawa, watoto watatu, kila mmoja na yake. Halafu akashika injini yenyewe, kile kibati bapa chenye magurudumu na nafasi ya betri. Akaigeuza huku na huku, akaona haina sura ya gari, akaniwekea mapajani. "Hii imevunjika, Mama Mwende. Baki nayo ya ukumbusho."

Niliwaambia hicho ni kitu kimoja, hakigawanyiki. Nikasema hata mafiga huwezi kumpa huyu jiwe hili na yule jiwe lile, halafu useme umewapa jiko. Wakasema mama amechoka, apelekwe alale.

Na mimi ndiye nilikuwa nakusumbua juu ya hizo gari. Jumapili unakaa hapa barazani, unaweka basi juu ya injini, unabonyeza kwa kidole gumba mpaka ilie tak, inatembea mpaka kwa mguu wangu. Unatoa basi, unaweka lori. Nikakuambia wenzako wananunua ng'ombe, wewe unanunua mabati. Ukacheka. "Mama, injini ni moja, hizi zingine ni nguo tu. Hata wewe ukivaa ile ya kanisa, si bado ni wewe?"

Nilikuwa nataka kuzikusanya, Kyalo. Hiyo tu. Nikalaza sanduku wazi kwa kitanda chako, na matundu yake matatu, nikasema sitapumzika mpaka yajae.

Lori ilirudi bila maneno. Ilikuwa hapa hapa Mumbuni, kwa mtoto wa binamu yako Nzioka, na mama wa yule mtoto aliileta mwenyewe ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Mtoto alisimama nyuma yake bila kunisalimia.

Zima moto iko Masinga kwa mtoto wa Muthoka. Nilimtumia Muthoka ujumbe kwa adabu. Alinijibu kwamba kitu cha marehemu kikishagawanywa hakirudi nyumbani, kikirudi kinamfuata mtu mpaka naye azikwe. Sijui kama ni desturi ya kweli au ameitunga kwa sababu hataki kuniletea. Lakini niko na Mwende peke yake sasa, na hilo neno limekaa kifuani. Nikipepeta maharagwe liko. Nikisuka kiondo liko.

Basi nikasema niende Kithimani, nione ile ya kwa Mwende. Kabla ya kwenda nilikuwa nimeanika betri zako za zamani juu ya bati zipate nguvu kwa jua. Hassan wa duka, yule Msomali mliyekuwa mnabishana naye betri gani inakaa, alinikuta nazo mkononi akakasirika. "Mama, Kyalo akijua nimekuacha na hizo, atarudi anigombeze." Akanifungia mpya kwa gazeti, na akageuka upande mwingine kwa muda, kama anayetafuta kitu kwa rafu.

Nilipofika kwa Mwende nilikuta basi kwa mchanga. Mtoto alitaka iende, na haikuwa na magurudumu, kwa hivyo baba yake aliitoboa kwa msumari pande zote mbili, akapitisha waya, akakata magurudumu kwa ndala zilizozeeka, akafunga na kamba ya kuvutia, vile watoto wanafanya na mikebe ya mafuta. Rangi imetoka. Nilitia kidole kwa lile tundu nikakaa nacho hapo. Mwende akasema, "Mama, pole, tutatafuta ingine," na sisi wote wawili tunajua hakuna ingine.

Sikumgombeza. Ningemgombeza nani, mtu ametengenezea mtoto wake gari?

Nilitoa ule waya, nikatoa injini kwa kiondo, nikaweka basi juu, nikabonyeza vile ulikuwa unabonyeza. Ikalia tak. Ikatembea, Kyalo, na matundu yake, ikapita chini ya meza ikagonga sufuria. Mtoto bado alikuwa ameshika kamba yake mkononi. Akaniuliza mimi nyanya yake, "Susu, nani anaivuta?"

Nilishindwa kumnyang'anya. Nimerudi na injini peke yake.

Sasa nimefikiri, polepole, vile mtu wa darasa la tatu anafikiri. Wacha gari zikae kwa wenyewe. Kesho narudisha lori kwa mtoto wa Nzioka, maana nimeona vile alisimama. Injini ndiyo itakuwa inatembea, na mimi naibeba. Muthoka hatakuwa amerudisha kitu, basi hakuna mtu wa kufuatwa. Na sanduku lako, usinikasirikie, nitaweka nyuzi zangu za katani.

Lala, baba yangu. Miguu ikipoa naenda Masinga. Sitaenda kudai. Nitakaa chini kwa mchanga na huyo mtoto wa Muthoka, nimpe injini mkononi, na ataibonyeza yeye mwenyewe.

Ni mimi mama yako.