Mashine Yako na Mguu wa Mama

Nyumbani,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu. Kile kikohozi kimepona kweli? Sauti yako ya mara ya mwisho ilinitia shaka, na wewe ukiulizwa hali husema "safi" hata ukiwa umelala kitandani na blanketi mbili. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama. Ningekupigia, lakini yuko chumba cha pili na masikio yake hayajazeeka, kwa hiyo naandika, kisha nitaipiga picha barua nikutumie.

Kile kidonda cha kidoleni hakijafunga, unajua sukari ilivyo. Daktari wa upasuaji, mtu mpole asiye na papara, alisema kama damu ya mguu bado ina oksijeni ya kutosha, tutasubiri. Kama haina, mguu utakatwa chini ya goti. Akatupeleka chumba cha mashine mpya, hiyohiyo mnayoitengeneza ninyi.

Nilikuwa nayakumbuka maelezo yako. Mashine inamulika nyama, damu inameza mwanga, inapata joto kidogo na kutoa mlio, na kwa mlio wa kila rangi ya mwanga mnajua damu imebeba oksijeni kiasi gani. Mimi siku ile nilidhani unatutania, ila ulisema kwa uso mkavu.

Mpimaji, bwana mmoja mweupe mwenye maringo kidogo, alijipima kwanza mkono wake mbele yetu. Ukasoma vizuri kabisa, akatabasamu. Akaja kwa mguu wa Mama, ukasoma chini mno. Nikamwomba apime na ule mguu mwingine, mzima. Akaguna, akapima, nao ukasoma chini vilevile. Ndio mguu anaotangulizia kwenye ngazi zetu, hauna hata mkwaruzo. Nikamwuliza maana yake nini.

"Basi na huo nao umeanza," akasema.

Umeona mambo? Badala ya kuishuku mashine, akaushuku mguu.

Mimi ni fundi cherehani, ya mwanga sijui. Najua tu kwamba kitambaa cha bluu chini ya taa ya dukani, ukikitoa nje, kinaweza kuwa kijani, na mteja hakulaumu taa, anakulaumu wewe. Huenda nakosea. Lakini wewe mwenyewe ulituambia ngozi nayo inameza mwanga kabla haujafika kwenye damu, ngozi nyeusi humeza zaidi, tena haimezi rangi zote sawasawa, na kwamba kazi yako ni kuandika hesabu za kusahihisha hilo. Sasa nauliza, hesabu hizo mlijifunzia ngozi ya nani? Ile picha uliyotuma, mmepanga mikono mezani chini ya mashine, mkono mweusi ni mmoja tu, nao ni wako. Huo ulipimwa, au ulikuwa wa kupendezesha picha? Usikasirike. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ndiye uliye nguoni mwetu.

Daktari nilimweleza ya mguu mzima. Alikunja uso, akasema angependa kupima kwa njia nyingine kabla ya kukata. Mama ndiye amekataa. Ameshakubali mguu ukatwe Alhamisi, na anamwambia kila mgonjwa aliye kwenye foleni kwamba mashine ya mwanawe haiwezi kumdanganya. Nikimsihi, anasema nataka kukuaibisha, eti nina wivu na wewe tangu ulipozaliwa. Jana akanimalizia kwa kuniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilicheka, halafu nikaingia bafuni nikalia, maana safari hii guu ni la mkuu mwenyewe.

Shemeji yako anakusalimu, bado anadai ulimwibia kwenye karata. Baba Mdogo naye anakusalimu, na Kipusa wangu, ambaye ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele ya watu.

Mpigie Mama leo. Usimtetee dada yako, wala usimfundishe hesabu. Mwambie kwamba mashine yako inaweza kukosea kwenye ngozi kama yake, na akubali kupimwa tena. Kama una hakika haikosei, niambie mimi, nami nitanyamaza na kumshika mkono Alhamisi. Lakini kama unasita hata kidogo, useme. Mama hamsikilizi daktari, wala mimi hanisikilizi. Anayemwamini ni wewe peke yako, kwa hiyo ni wewe peke yako unayeweza kumwambia asikuamini.

Mungu akulinde, akupe na ulimi wa kulisema hilo.

Dada yako akupendaye, hata anapokushuku.